Matofali Mabichi Nyuma ya Nyumba Yangu

Nyuma ya nyumba yangu, hapa Likasi, kuna kibanda cha matofali mabichi. Tangu mwenyewe azikwe, mwezi wa pili, mvua ikiwa bado kali, kila anayeingia kiwanjani ananiuliza kitakuwaje. Binti yangu Kapinga anataka kibaki kilivyo, tukiwekee paa la bati na picha ya marehemu mlangoni. Jirani wa kulia anakitaka kwa kuku wake. Mimi nilimwahidi mwenye kibanda kwamba kiangazi kikianza nitakivunja kwa mikono yangu, na kiangazi kimeanza. Wiki mbili sasa naamka, nakunywa chai, natoka na nyundo, nakitazama, narudi ndani.

Ndiyo sababu naandika. Shule niliishia darasa la tatu kwa masista, lakini nyumba ninayokaa niliijenga mwenyewe kwa kuuza samaki, na mtu aliyenifyatulia matofali yake hawezi kuondoka hivi hivi bila mtu kusema alikuwa nani.

Alizaliwa wapi na wazazi gani, muulize mwingine. Mimi sikumuuliza, na waliomuuliza walijibiwa, "Unataka kuniandika mu gazeti?" Mji ulimwita Fundi. Mafundi tunao wengi, wa redio, wa viatu, wa pikipiki, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno watu walijua ni yule wa vichuguu.

Kichuguu cha kwetu Katanga si kile kidogo cha kupiga teke. Kinapita paa la nyumba, na mtu akinunua kiwanja chenye kichuguu amenunua nusu ya kiwanja. Lakini udongo wake kwa matofali hauna mwenzake, maana mchwa wameusaga miaka na miaka. Fundi alifika na baiskeli yake, kalibu ya mbao ya kufyatulia imefungwa nyuma, na sufuria, blanketi, jembe na sepeto. Kwanza alijifyatulia matofali ya kibanda, akayakausha, akasimamisha kuta nne kwa tope, akaezeka nyasi, akahamia. Halafu alikila kile kichuguu miezi minne, mitano: kuchimba, kukanyaga tope, kufyatua, kukausha, kupanga tanuru, kuchoma. Malipo yake yalikuwa fungu la matofali, ndiyo desturi. Kichuguu kikiisha alibomoa kibanda chake tofali kwa tofali, akayapanga juu ya tanuru la mwisho, akayachoma pamoja na mengine. Moto ukizimika, hana nyumba. Anafunga kalibu kwenye baiskeli, anaaga, anaenda kutafuta kichuguu kingine.

Miaka yote niliyomjua hakukaa viangazi viwili mahali pamoja. Na mimi nilikuwa mtu wa kumwambia usoni. "Fundi, wewe umejengea mji mzima, na huna hata pa kutundika shati."

"Na weye, Mama Kapinga, uko na misumari mingi ya kutundika. Mashati iko ngapi?"

Yalikuwa mawili. Alijua.

Kwenye tofali la kwanza la kila siku alikandamiza kidole gumba konani, kabla halijakauka. Ukitembea mjini kwetu, ukaangalia kuta ambazo hazijapigwa lipu, utakuta kile kidole hapa na pale, hata kwenye ukuta wa kanisa. Padri alimuuliza kama ni alama ya kujitukuza. Akasema, "Hapana, Padri. Ni ya kujua asubuhi yangu ilianzia wapi." Padri alicheka, lakini nadhani swali lake lilikuwa na ukweli kidogo. Fundi alikuwa na majivuno, ila hakuyabeba mdomoni. Ukisifu ukuta mbele yake alikohoa, akaangalia pembeni, halafu kesho yake akapita tena njia ileile ili usifu tena.

Masika hayafai kwa matofali, basi mvua ikianza alishuka ziwani, Tshangalele, akakaa kwa wavuvi na kuwashonea nyavu mpaka mwezi wa nne. Ndiko tulikoonana mara ya kwanza, mimi nikinunua samaki wakavu wa kuuza sokoni. Na hapa nitasema jambo ambalo wavuvi hawakuchoka kulicheka: mtu huyu, asiye na mlango wala kufuli, alikaa masika yote hayo kandokando ya ziwa na hakukanyaga mtumbwi hata siku moja. Walimwita, walimvuta mkono. "Kule chini haina udongo," alisema. "Nikianguka, nitaanguka ku nini?"

Alikuwa hivyo, nusu zake mbili hazikufanana. Hakuwa na makao, lakini uwanja wa kibanda chake ulifagiwa kila asubuhi, mistari ya ufagio imenyooka kama ya daftari. Angekaa miezi mitano tu, na bado alipanda maboga nyuma ya kibanda, na karibu kila mara aliondoka kabla hayajaiva. Nilimwambia anapanda vya kuliwa na wengine. Akaniuliza maboga niliyokuta kiwanjani kwangu niliponunua aliyapanda nani. Na mlango wa mtu mwingine ukilia, hakuweza kuzungumza mpaka umetiwa mafuta.

Watu waliokaa mahali pamoja aliwaheshimu, lakini wenye haraka ya kukaa aliwacheka. Kulikuwa na karani mmoja, mtu wa tai na kalamu mfukoni, aliyenunua kiwanja chenye kichuguu. Fundi alichimba mpaka usawa wa ardhi, akasema bado, malkia wa mchwa yuko chini, lazima kushuka mpaka kumtoa. Karani alikuwa amekwisha kuwaambia wakwe tarehe ya kuhamia. Akamwambia Fundi amemaliza, aende zake, akamwaga saruji juu ya kisiki cha kichuguu, akajenga sebule juu yake. Masika ya pili mchwa walipita kwenye ufa wa saruji, wakaingia kabatini, wakala koti la arusi na vyeti vyake vyote vya shule. Aliitwa Fundi. Akaja, akatazama lile tundu, akavua kofia.

"Karani, uliingia mu nyumba ya mama mukubwa bila kubisha mulango. Unaona, naye anakuya kukusalimia."

Akapasua saruji, akamtoa malkia, akaziba, na hakutaka kulipwa. Alitaka kitu kimoja: karani akae chini kwenye kifusi, na tai yake, anywe naye chai. Karani akakaa.

Sasa niseme habari yangu, maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini kibanda bado kimesimama.

Mimi nina asili ya Kasai. Baba aliletwa huku kwa kazi ya mgodi, mimi nilizaliwa hapa, lugha yangu ni ya hapa. Mwaka ule sisi wote wa asili ya Kasai tulipofukuzwa Katanga, tukaambiwa turudi kwetu, tulisimama barabarani tukaangalia nyumba ya baba ikivunjwa. Milango kwanza, halafu madirisha, halafu mtu alipanda juu na nyundo kubwa akaanza ukuta. Sitaji majina, wengine tunasalimiana misani hadi leo. Halafu tulilala gare, kwenye stesheni, majuma na majuma, tukingoja treni, watu wamelala juu ya watu. Huko tulikopelekwa sikumjua mtu, wala njia ya kisima. Nikarudi Likasi na Kapinga mgongoni, nikaanza samaki. Na nilijiapiza jambo moja: nyumba haitavunjwa tena mbele ya macho yangu.

Nilipopata uwezo nilinunua kiwanja hiki. Kilikuwa rahisi kwa sababu ya kichuguu, kikubwa kuliko vyote vya mtaa. Wanawake wa sokoni walinicheka hadharani. "Mama Kapinga alinunua nyumba ya mchwa. Sasa atalipisha mchwa loyer ya nyumba." Nilimfuata Fundi ziwani mvua zilipoisha. Akaja, akakizunguka kichuguu mara mbili, akikipiga kofi kama mtu anayenunua ng'ombe.

"Nyumba yako iko hapa, Mama Kapinga. Inasimama tayari. Inabakia tu kuipanga vizuri."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia neno kama lile. Wote waliniambia nina kichuguu. Alikaa miezi mitano, mimi nikimletea bukari, ugali wetu, na samaki mchana, na kila siku kichuguu kilipungua na mirundo ya matofali ikaongezeka. Siku ya tanuru la mwisho nilitoka sokoni nikamkuta juu ya ukuta wa kibanda chake, anang'oa.

Nilimwaga beseni la samaki pale pale. Nilimwambia ashuke. Nilimwambia kwa sauti ambayo sikujua kama ninayo kwamba kwenye kiwanja changu hakuna mtu atakayevunja nyumba, hata ikiwa ya nyasi, hata ikiwa ya mbwa.

Hakubisha. Alishuka, akaokota samaki mmoja mmoja, akapuliza vumbi, akawarudisha kwenye beseni. Halafu akakaa chini, akangoja. Nilimsimulia habari ya baba, ya ukuta na ya gare. Hakusema pole. Alipoona nimemaliza, alichukua tofali moja bichi akaniwekea mapajani.

"Hii, mvua ikiikuta, itakuwa tope. Ikienda mu moto, itatoka nguvu, itabakia. Bale balivunja ya baba yako ili isiwe tena. Minye ninavunja ili ibakie. Unaona hapo?"

Sikuona. Lakini nilimwacha aendelee, nikageuka nikaangalia barabarani mpaka alipomaliza. Baada ya moto kupoa alitenga matofali ya kibanda chake na kuyapanga peke yake. "Haya," akasema, "weka ku ukuta wa kitanda yako." Nikaweka. Miaka yote hii mgongo wangu umeegemea nyumba yake, na bati langu halijawahi kuvuja. Wanawake wa sokoni walikuja kwenye misa ya kubariki nyumba, wakala, wakanyamaza.

Usidhani aliwapenda wote wanaohama. Mume wa Kapinga aligombana na mkubwa wake kazini, akataka kwenda Kakanda kuchimba madini, na tayari alikuwa amefunga begi. Fundi alikuwa amepita kusalimia. Akamuuliza, "Kule unaenda, uko na kazi, ao uko na muntu wa kukimbia?"

Mkwe wangu aliinama akakaza zipu ya begi.

"Basi fungua begi. Ukikimbia muntu, unamubeba. Atakula hata chakula yako."

"Na wewe, mzee, unakimbia nani?" mkwe alimuuliza, kwa hasira kidogo.

"Minye? Minye ninafuata udongo. Uliza mama mukwe wako kama niliisha kuacha kazi katikati."

Nilisema kweli. Hakuwahi kuacha kazi katikati. Mkwe alifungua begi.

Jambo lililoninyima usingizi lilikuwa uzee wake. Mtu wa baiskeli akiwa na nguvu anapendeza, lakini nilijua magoti yana mwisho. Mwaka mmoja alishikwa na malaria kali, wavuvi wakamleta hospitali. Nilipofika, muuguzi alikuwa na kalamu mkononi na uso wa kuchoka.

"Avenue gani, mzee?"

"Andika: ku kichuguu."

"Kichuguu gani?"

"Kile kitafuata."

Nilimnyang'anya muuguzi karatasi nikaandika avenue yangu na namba yangu. Tangu siku ile, kwenye vitabu vya hospitali, Fundi alikaa kwangu. Na mimi si mtu wa kuandika jambo lisilo la kweli, basi nilimjengea chumba nyuma: saruji chini, dirisha la vioo, taa. Alikuja kwa heshima. Alilala siku tatu. Asubuhi ya nne nilimkuta nje, amekaa juu ya tofali, blanketi mabegani.

"Chumba kina kasoro gani, Fundi?"

"Haina kasoro. Ni kizuri sana." Alifikiri. "Shida, kiliisha. Nikiamuka naangalia ukuta, haina kazi tena. Unataka nifanye nini, nihesabu bati?"

Akaondoka na baiskeli yake. Nilikasirika mwezi mzima. Chumba kile sasa anakaa mpangaji, mwalimu.

Mwaka jana, joto la mwezi wa kumi, mawingu yameanza kukusanyika, nilisikia yuko karibu na njia ya Kakanda na hatembei vizuri. Nilikodi lori dogo nikaenda na Kapinga. Kichuguu kilikuwa kimekwisha, matofali ya wenye kiwanja yamechomwa na kuchukuliwa. Kibanda chake kilikuwa bado kimesimama. Yeye alikuwa ameegemea toroli, goti limevimba kama boga.

"Nilishindwa kukichoma," aliniambia kabla sijamsalimia. Aliona aibu, na mimi sikuwahi kumwona na aibu. "Kuni ziliisha, na minye pia."

Nilimwambia panda lori.

"Nitapanda. Lakini kibanda hiki njo kitaenda na minye."

Tukakivunja, yeye akiwa amekaa kwenye toroli anaamuru, dereva, Kapinga na wabeba mizigo wawili wakifanya. Matofali mabichi tuliyalaza juu ya nyasi kama mayai. Mimi nilisimama upande wa pili wa lori, nikiangalia mlima. Njiani Kapinga alininong'oneza, "Mama, nyumba ya udongo mubichi nyuma ya nyumba yetu? Bantu bataseka."

"Walicheka kichuguu pia," nikamwambia.

Fundi alikipanga upya kibanda mwenyewe kwa siku tisa, amekaa juu ya kigoda, anavutwa kutoka kona hadi kona. Juu ya mlango aliacha nafasi ya tofali moja, na tofali lenyewe akaliweka chini ya kitanda. Nilipomuuliza, alisema ile ni kazi ya kesho. Kesho ile ilimkaa miezi minne. Kila asubuhi alilitoa, akalishika, akalirudisha, na alikuwa na furaha ambayo chumba changu cha saruji hakikumpa.

Siku moja, kabla ya mvua za kwanza, kuta zilihitaji kupakwa tope jipya. Nilivua viatu, nikakanyaga tope, nikaanza kupaka. Yeye alikaa mlangoni.

"Nikienda," akasema, "ngoja mvua iishe. Utakivunja, utachoma, utamupa ule mama wa makala."

Mama wa makala, muuza makaa, anakaa mbele yetu, ng'ambo ya barabara. Ana kiwanja chake halali, lakini nyumba yake ni nguzo nne na plastiki.

"Mwambie Kapinga. Mwambie dereva," nikasema. "Mimi sivunji nyumba. Unajua."

"Najua. Njo maana ninaambia weye. Muntu anapenda kuvunja atapasua nusu ya matofali. Muntu anaogopa, atashika moja moja, hata moja haitapasuka."

Niliendelea kupaka. Nilimaliza ukuta mmoja, nikaanza wa pili. Mwishowe nikasema haya, nimesikia.

"Umeitika?"

"Nimeitika, Fundi. Usinichokoze."

"Basi rudia kona ile ya kushoto. Ulipita mbiombio."

Nikarudi, nikapaka tena. Kile kibanda hakikuvuja masika yote. Naye alikufa ndani yake, mkavu, mahali alipojulikana jina, na kazi yake ya kesho iko chini ya kitanda. Nilishughulika na watu wengi wa kukaa na wa kuhama, na sijaona aliyeweza vyote viwili ila yeye.

Hayo niliyaandika jana; leo asubuhi nilikunywa chai, nikatoka, na nyundo nikaiacha ndani. Nyasi za paa nilikuwa nimezishusha jana jioni bila kumwambia mtu. Nilianza na kona ya kushoto, kwa mikono. Tope la katikati liliachia lenyewe, tofali la kwanza likanijia zima, na kidole chake konani. Kapinga alitoka akanitazama, akapokea. La pili. La tatu. Kufika saa nne mama wa makala alivuka barabara na beseni lake, mikono myeusi, akataka kusaidia, akashika tofali kwa haraka kama mtu anayepakia gunia.

"Pole pole," nikamwambia. "Hii ni nyumba."